Anaumwa Kidogo

Kibonge alipoamka, jambo la kwanza alilofanya ni kutuita tukaoge.

"Tusa! Ambokile! Maji yameshapoa," alisema, sauti ikikwaruza kama ya mtu mwenye mafua. "Atakayechelewa anaoga mapovu ya mwenzake."

Nilikuwa na miaka hamsini na moja, miwani puani, bisibisi mkononi, na bado miguu yangu ilitaka kukimbia. Nikajishika kwenye meza ya kazi. Nje ukungu wa Julai ulikuwa umelala juu ya mabati ya soko la Mwanjelwa, na Mbeya nzima ilionekana kama imefunikwa shuka ili isiamke mapema.

Kazi yangu ni hiyo, kuamsha vitu. Watu huniletea mashine za nyumbani za zamani, na wengi wao hawataki hata zifanye kazi, wanataka tu zisikike. Kuna mzee huja kila mwezi kusikiliza friji ya mama yake inavyoanza kunguruma, akishasikia anaaga. Kuna mama aliniletea luku, ile mita ya umeme ya kubonyeza namba, nimfufulie ule mlio wake wa kudai umeme. Nilipoufufua alikaa kwenye kigoda akiusikiliza huku anatabasamu peke yake mpaka jua likatoka. Nyumba za siku hizi hazidai kitu. Kuta zinajua unachotaka kabla hujakitaka, na watoto wanacheza na wanasesere wanaooteshwa kwenye bakuli, wanaorefuka nao mwaka hadi mwaka. Sina ugomvi na hayo. Ila sijawahi kusikia mtu akiuota ukuta.

Kibonge alikuwa wa kizazi cha kwanza kabisa cha mashine za kusaidia nyumbani zilizoundwa huku kwetu. Alikuwa mviringo, kimo cha ndoo ya lita kumi, ana magurudumu matatu chini na taa ya kijani juu ya kifuniko. Jina lake la dukani nimelisahau. Kibonge tulimpa sisi kwa ajili ya umbo lake, naye akaitikia bila kinyongo. Alijua kuwasha jiko, kuhesabu nguo zilizoanikwa, na kila jioni kutuita majina mmoja mmoja mpaka wote wa nyumba hiyo waitike. Sisi tulimfunga kamba tukamvuta uani kama lori. Nilikuwa na mdoli wa gunzi la mahindi, na huyo ndiye aliyekuwa abiria wa kudumu juu ya kifuniko. Mdogo wangu Ambokile alikuwa nyuma yetu na gari lake la waya, akipiga honi kwa mdomo.

"Tusa nimemsikia," alisema Kibonge sasa, pale mezani. "Ambokile bado. Mama bado. Mama yuko Tukuyu, lakini huenda amesharudi. Mama! Uko ndani?"

Nikafungua mdomo kumwambia, kisha nikaufumba upesi kwa kiganja changu mwenyewe.

*

Nieleze kwa nini.

Mama yetu alifia hospitalini nikiwa na miaka saba, Ambokile mitatu. Watu wa kwetu habari ya msiba hawamrushii mtu kama jiwe. Unapigiwa simu: "Mama anaumwa kidogo, njoo nyumbani." Unapanda gari. Njiani unajifanya hujui, na aliyekupigia anajifanya hajui, mpaka ufike uone turubai na watu wamekaa kimya uani. Hapo hakuna anayehitaji kusema kitu. Ni upole mkubwa, ukiwa mtu mzima. Lakini sisi tulikuwa watoto, na watoto hata hiyo simu hawapigiwi. Siku ya mazishi tulipelekwa kwa jirani kuangalia katuni, tukapewa soda, kila mtu na chupa yake nzima.

Aliyetuchukua kutulea ni Mama Mkubwa, dada yake mama. Ndiye aliyeinama akamwambia Kibonge, "Mama yao amesafiri, yuko Tukuyu. Wakikuuliza, waambie hivyo." Kibonge akaamini, maana aliundwa kuamini watu wa nyumba. Miezi mitano nilimuuliza kila jioni, na kila jioni akanijibu kwa furaha ileile: "Yuko Tukuyu, atarudi." Nikaja kuujua ukweli shuleni, siku niliyogombania mpira wa rede na msichana mmoja akaniita yatima. Nilirudi nyumbani nikampiga Kibonge teke, gurudumu moja likavunjika, kisha nikamchomoa betri. Mama Mkubwa aliona. Hakunigombeza wala hakuniuliza. Alimfunga Kibonge kwenye kitenge akampandisha darini, na mambo yakaishia hapo.

Mama Mkubwa tulimzika mwaka jana. Tulipokuwa tunaitoa nyumba yake ya Uyole mizigo, Ambokile alipanda darini akashuka na furushi la kitenge.

Sasa ugumu wenyewe. Mashine za kizazi kile zilitunza siri za watu, na mwanzoni baadhi ya warithi walizifungua wakasoma mambo ya marehemu yasiyowahusu, zikavunjika ndoa na undugu. Ndipo likawekwa sharti ambalo sisi mafundi tunaliita sharti la matanga: mtu wa nyumba hiyo akiiambia mashine kwa kinywa chake kwamba mwenye nyumba amefariki, mashine inafuta kila kitu. Inachukua muda wa pumzi chache tu, na haizuiliki. Nimewahi kumwona kijana akiweka mashine ya namna hiyo pale pale mezani kwangu, ikawaka, naye bila kufikiri akasema, "Hii ilikuwa ya marehemu baba." Alitoka na ndoo tupu ya bati, haina kumbukumbu hata moja.

Na ndani ya Kibonge kulikuwa na kitu. Nilikiona nilipomuunganisha na kipimo changu: amana moja ya sauti, imefungwa, imewekwa na mama mwenyewe, mwenye nyumba, asubuhi ile aliyopelekwa hospitali. Urefu wake dakika moja na sekunde ishirini. Sharti la kufunguliwa lilikuwa fupi: *mpaka nirudi*.

*

Ambokile alikuja saa nne. Nilimpokea nje, mlango nimeufunga nyuma yangu, tukasimama ukunguni kama wezi.

"Anaongea?" aliuliza.

"Anatuita tukaoge."

Akacheka, kisha akageukia upande wa soko. Mdogo wangu ni mshona sauti. Watu walioharibikiwa koo humpelekea vipande vya sauti zao za zamani, naye huvishona mpaka mtu anaweza tena kumwita mtoto wake kwa sauti aliyozaliwa nayo. Ni kazi nzuri na anaiheshimu. Siku hiyo alikuwa amebeba kipaza sauti kidogo, kinaingia kwenye kiganja.

"Dada, nisikilize kabla hujakataa."

Akakibonyeza.

"Kibonge, nimerudi," alisema mama.

Nikakaa chini, kwenye ngazi iliyolowa, sikujali sketi. Alikuwa yeye hasa. Hata ule mkato wake mwishoni, kama mtu anayetua mzigo.

"Umeipata wapi?"

"Nina rekodi mbili tu za mama. Moja yuko kwenye harusi anacheka, nyingine yuko kwenye simu anapatana bei ya viazi. Nimeshona miaka sita." Akachuchumaa mbele yangu. "Neno moja hili linatosha. Kibonge atalisikia, atafungua. Dakika nzima ya mama, dada, na sekunde ishirini."

"Na Kibonge je?"

"Kibonge afanyweje?"

"Atafikiri amerudi."

"Ni mashine."

"Najua ni mashine. Nimemfungua mwenyewe, nimeona kila waya. Lakini mimi si mashine, Ambo. Mimi ndiye niliyeambiwa yuko Tukuyu. Leo nimwambie na yeye amerudi? Nitakuwa nimemalizia kazi ya Mama Mkubwa."

"Ukimwambia ukweli, inafutika."

"Najua."

"Utakuwa umemzika mama mara ya pili, na safari hii kwa mkono wako."

"Mara ya kwanza sikuwepo," nilisema.

Sauti ikamshuka. "Wewe una miaka saba ya mama. Unajua alivyonukia, unajua alivyotembea. Mimi nina viazi, dada. Nina mtu anayesema mia tano ni nyingi, punguza. Huo ndio urithi wangu wote. Na wewe unataka kunichukulia dakika moja kwa ajili ya ndoo."

Nilimpenda mdogo wangu kuliko nilivyoipenda haki yoyote. Ningeweza kunyoosha mkono nichukue kile kipaza sauti nikamalize mambo, na hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi wawili. Lakini nilipoifikiria furaha ya Kibonge akisikia sauti ile, niliiona ndiyo ileile furaha aliyonijibu nayo jioni zote zile.

Tena muda haukuwepo. Betri nilimuundia kwa kuunganisha viini vya mashine tatu zilizokufa, na ubao wake wa kumbukumbu ulikuwa umeliwa na kutu. Akizimika tena haamki. Nilipopima asubuhi, zilibaki saa tatu. Sasa pengine moja.

"Siwezi," nilimwambia. "Nisamehe, Ambo. Siwezi."

Akakitia kipaza sauti mfukoni, akasimama, akaninyooshea mkono kuniinua.

"Sikubaliani na wewe," alisema. "Ila hutaingia peke yako."

*

Ndani kulikuwa na harufu ya risasi ya kuchomelea na chai niliyoisahau. Kibonge alituona kwa jicho lake moja lenye ukungu.

"Mugonile," alitusalimia, kama mama alivyomfundisha. "Wageni, karibuni. Mama hayupo, yuko Tukuyu."

"Ni sisi," nilisema. "Ni Tusa. Huyu ni Ambokile."

"Ambokile ni mfupi."

"Nimerefuka," alisema Ambokile.

Nilivuta kigoda. Nilikuwa nimepanga kulisema moja kwa moja, sentensi moja, kama mtu anavyong'oa jino. Nilikuwa nimeipanga mpaka maneno yake. Lakini mdomo una njia zake ulizofundishwa na watu, na ulipofunguka ulipita njia hizo.

"Kibonge," nilisema, "mama anaumwa kidogo."

Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa. Ikatulia.

"Anaumwa kidogo," alirudia polepole.

"Ndiyo."

"Amelazwa?"

"Amelazwa."

"Nani yuko naye?"

Ambokile ndiye aliyejibu. "Mama Mkubwa yuko naye," alisema. Haukuwa uongo, makaburi yao yanapakana.

"Tusa," aliita Kibonge, "sauti yako imekuwa nzito. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

"Na mama anaumwa kidogo."

"Ndiyo, Kibonge."

Gurudumu lake moja kati ya mawili mazima likazunguka robo, likarudi. Waliomuunda, kabla hawajampeleka sokoni, walimkalisha miaka miwili kwenye nyumba za watu, Rungwe na Mbozi, asikilize tu. Nilijua walimfundisha kupika uji na kutambua kilio cha njaa na kile cha deko. Sikuwa najua kwamba na simu zile za "anaumwa kidogo" alizisikia, na nyuso za wanaozipokea alizitazama.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa naomba usimalize kwanza."

"Kibonge..."

"Usimalize. Nina sharti moja la mwenye nyumba aliyelazwa hospitalini: amana zake hushikwa na mtoto wake mkubwa. Nina sharti jingine la habari nyingine, na hiyo hamjaniambia. Mmeniambia anaumwa. Tusa, mtoto mkubwa wa nyumba hii, pokea amana ya mama yako."

Nilimtazama Ambokile. Alikuwa ameshatoa kinasa sauti chake, akakishikilia kwa mikono yote miwili.

Kwanza zilisikika kandambili, zikienda huku na huku. Kisha mama, mwenye haraka.

"Kibonge, nitunzie haya mpaka nirudi, kichwa changu leo hakishiki kitu. Tusa ana jino la juu linalegea. Asilivute kwa uzi kama lile jingine, aningoje. Gari la Ambokile, ile ekseli yake nimeiweka kwenye kopo la majani ya chai, nikimpa sasa ataipoteza. Nikirudi namfungia. Halafu yule mdoli wa Tusa ameshaanza kuoza, gunzi halikai mwaka. Nimemshonea wa kitambaa, amebaki macho tu. Usimwambie. Nini tena... Ee. Ambokile ameanza kuimba akiwa chooni. Mwache aimbe, anafikiri hatumsikii." Hapo alicheka, cheko fupi, likageuka kikohozi. "Haya, gari limefika. Ambokile! Wewe, shuka hapo! Shuka kwenye kiti, utaanguka... Njoo. Njoo nikubebe mpaka mlangoni. Aa, mtoto mzito huyu, anakula mawe?"

Ikaisha.

Haikuwa na kwaheri ndani yake. Alikuwa anarudi.

Ambokile alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la vipuri, kinasa amekikumbatia kifuani. "Amenibeba," alisema. "Dada, umesikia? Amenibeba mpaka mlangoni." Alikuwa analia na kucheka, pua inamtiririka, mwanamume wa miaka arobaini na saba.

Nami nilikuwa nimeshika jino langu la juu, sijui tangu saa ngapi.

Tulikaa hivyo kwa muda, watatu, kama watu walioshiba. Ukungu ulianza kuachana dirishani na sokoni watu wakaanza kuita bei. Ambokile alijipangusa uso kwa kiwiko akaninong'oneza.

"Tuache hapa hapa, dada. Tumepata tulichotaka, na yeye hajafutika. Betri tutatafuta nyingine. Basi iwe hivyo, anaumwa kidogo. Nani anaumia?"

Na kweli, nilitaka. Nilijiona nikiwa na Kibonge kwenye kona ya karakana, ananiita nikaoge kila asubuhi mpaka na mimi nizeeke, na mama kalazwa mahali fulani, hajambo kiasi.

"Tusa," alisema Kibonge. "Sasa malizia."

"Ukisikia, utafutika. Unajua?"

"Najua. Kila jioni naita majina matatu, yanaitikiwa mawili. Siwezi kufunga siku bila la tatu. Mnanong'ona vizuri, lakini niliundwa kusikia watoto wanaonong'ona. Malizia, mwanangu."

Mama hakuwahi kumfundisha neno hilo. Alilichukua mwenyewe, kwenye nyumba fulani ya Rungwe au ya Mbozi.

Nikavua miwani. Ambokile alinyanyuka sakafuni akaja kusimama nyuma ya kigoda changu, akaniwekea mikono mabegani, na hakunizuia.

"Mama amefariki," nilisema. "Alifariki hospitali, Kibonge. Wiki ileile aliyoondoka. Wewe ulikuwa nyumbani unatuita tukaoge."

Nikasikia sentensi hiyo ikipita chumbani. Nilikuwa nimeishi nayo miaka arobaini na minne, nimeijua kwa matusi ya rede, kwa minong'ono ya wakubwa inayokatika mtoto akiingia, kwa fomu za shule zenye nafasi ya jina la mzazi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele yangu akaitamka, na mimi sikuwahi kumtamkia mtu. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza naambiwa, na aliyeniambia ni mimi.

Taa ya kijani ikaanza kufifia kutoka pembeni.

"Nilikwambia yuko Tukuyu," alisema Kibonge, maneno yameanza kuachana. "Nilikwambia mara mia moja arobaini na nane. Nisamehe."

"Uliambiwa hivyo. Na mimi nilikupiga teke, nisamehe."

"Gurudumu tu." Taa ikafifia zaidi, nikadhani ndiyo basi. Kisha sauti ikarudi, ndogo, lakini safi, bila mkwaruzo hata kidogo. "Tusa. Ambokile. Poleni sana. Poleni na msiba wa mama."

Hakuna aliyewahi kutupa pole. Ungempaje pole mtoto ambaye mama yake yuko Tukuyu?

"Tumeshapoa," nilimjibu, kama mtu mzima anavyopaswa kujibu, lakini sikufika mwisho wa neno. Taa ilikuwa imezimika, na Ambokile alikuwa amepiga magoti amenikumbatia, nami nilikuwa nalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi kwa soko zima kusikia, kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.